Risala Kuhusu Ngazi Mbili na Sakafu Isiyo na Tundu

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakushika mkono kwa maneno tu, maana mikono yetu ina saruji na wewe umevaa shati jeupe.

Sisi ni mafundi na vibarua wa jengo jipya la zahanati, hili lililo nyuma yako. Wapo pamoja nasi mhandisi, mkandarasi ambaye leo amekuja mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na mkunga, ambaye wodi ya wazazi itakuwa mikononi mwake kazi ikiisha. Wote tunawaheshimu, na tunawaomba wasitukasirikie mpaka tumalize kusoma. Baada ya hapo tutaelewa.

Karibu kwa mara ya pili. Tunaomba radhi kwa njia uliyopitishwa. Mlango wa mbele upo, tena mzuri, lakini umezibwa na lundo la mchanga, ndiyo maana umezungushwa uani na kupita chini ya kamba ya nguo zetu za kazi. Habari ya mchanga tutaifikia.

Kuna jambo dogo limeongezwa pembeni mwa karatasi sasa hivi. Uliposhuka kwenye gari ulipunga mkono. Wengi wetu tumeamini kuwa ni salamu na tumeipokea. Lakini wenzetu wawili wa upande wa mbao wameona kama mkono ulielekea kwenye mirunda inayoshikilia sakafu ya juu, wakaanza kuisogeza. Tumewazuia kwanza. Tunaomba utuhakikishie kuwa ilikuwa salamu.

Usione ajabu tukiuliza hivyo. Risala yetu yote imetokana na jambo la namna hiyo.

HISTORIA YA KAZI YETU

Jengo hili chini litakuwa na chumba cha daktari, chumba cha dawa na chumba cha sindano. Juu itakuwa wodi ya wazazi. Sisi hatukuchagua wodi iwe juu. Tulipofika tulikuta imeshaamuliwa, tukaelezwa kuwa kiwanja ni kidogo, nyuma kuna mtaro na mbele kuna barabara. Tulielewa. Hilo ndilo jambo la mwisho tulilolielewa vizuri katika kazi hii.

Wengi wetu tumetoka kwenye kazi za nyumba za watu binafsi. Huko mwenye nyumba ni mmoja. Anakuja asubuhi, anaweka mikono kiunoni, anasema hapa mlango, hapa jiko. Mchana anakuja mkewe, anasema jiko haliwezi kutazama barabarani kama duka. Jioni mwenye nyumba anarudi, anakohoa kidogo, anakubali alilosema mkewe. Basi tukazoea kufuata neno la mwisho. Fundi akiulizwa mbona umejenga hivi, anajibu kuwa ndilo neno la mwisho, na hakuna anayegombana naye. Desturi hiyo imetulea vizuri. Hata kibarua mpya, kabla hajaonyeshwa mahali pa kuweka viatu, huambiwa asikilize nani kasema mwisho.

Hapa tulikuja nayo hivyo hivyo. Lakini hapa wenye kusema ni watatu, na hawaji pamoja. Mhandisi ana majengo mengine, huja asubuhi mbio mbio akiwa na kofia yake mkononi. Mwenyekiti huja jioni akishafunga duka. Mkandarasi yuko mbali, hupiga simu. Akipiga, simu huwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndoo huikuza sauti na kila mtu husikia, asiwepo wa kusema hakuambiwa. Sisi hukusanyika kuizunguka ndoo, tukaitikia ndiyo bosi, na ndoo nayo ikaitikia.

Kwa hiyo wao watatu hukutana kupitia sisi. Sisi ndio ukumbi wao wa mkutano, na ukumbi hausemi kitu kikaoni. Mhandisi akisema ukuta uwe hapa, tunauweka. Mkandarasi akiuliza nani kaweka ukuta hapo, tunautoa. Kuna siku tumekwenda kunywa chai ukuta ukiwa umekubaliwa, tukarudisha vikombe ukuta ukiwa umekataliwa. Mwenzetu mmoja alikaa na tofali mkononi hajui kama anaanza au anamaliza.

Ndipo ukaja wewe, Mgeni rasmi, kwa mara ya kwanza. Kuta za chini zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Ulizunguka vizuri, ukatupa pole ya kazi, ukataniana na akina mama wanaochota maji. Ulipofika penye mlango mkubwa ulisimama. Ulivua miwani, ukainyoosha kuelekea kona ya kulia, ukasema:

"Na kule?"

Hapo simu yako ikalia. Ukaipokea, ukatembea nayo hadi kwenye gari, na gari likaondoka.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hatukujua kama ni swali. Na hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho la siku ile, tena la mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kusimama kwenye kiwanja chetu.

Mhandisi alituambia kuwa umeona mbali. Ngazi ilikuwa imeshaanzwa kona ya kushoto, na mama mwenye uchungu angelazimika kulizunguka dirisha la dawa pale watu wanapopanga foleni. Kwa hiyo ulitaka ngazi ihamie kona ya kulia. Tulianza ngazi ya kulia.

Mkandarasi alipopiga simu aliuliza umesema nini. Tukamwambia. Juu ya ndoo akasema ni kweli, kona ile ina giza, mgeni rasmi anataka dirisha kubwa. Ngazi ya kushoto iendelee, na kulia ukuta uvunjwe pawekwe dirisha. Tulivunja.

Mwenyekiti naye alisema habari si ya ngazi wala ya dirisha. Mgeni ameudhika na lundo la mchanga lililokuwa kwenye kona ile, limekaa kama kichuguu. Alisimama nasi mpaka tukauhamishia mchanga wote mbele. Ndio huo uliokuzuia leo.

Akina mama wa maji walikuwa wamesimama kwenye kona ile ile na mapipa yao, nao hawakuwa na shaka kwamba miwani iliwaelekea wao. Waliyahamisha mapipa hadi ng'ambo ya mtaro, na tangu siku hiyo kila ndoo ya maji hutoka mbali na hufika nusu. Hata Mjomba Misumari, fundi wetu wa mbao za kumwagia zege, aliyekuwa amechutama pale kwenye kona akipima, alidhani umemnyooshea yeye. Alikuja kazini siku kadhaa na shati safi, akingoja kuitwa.

Mgeni rasmi, hatumcheki mtu. Kila mmoja tukimsikiliza peke yake tunaona ana haki. Tukiwasikiliza wote pamoja ndipo vichwa vinatuzunguka.

MAFANIKIO

Pamoja na hayo kazi imekwenda. Kuta za chini zimekamilika. Nguzo zimesimama wima na kila moja imepimwa kwa timazi. Fremu za milango zimewekwa. Kwa ajili ya sakafu ya juu, mirunda imepangwa, mbao zimetandazwa na nondo zimefungwa. Kesho asubuhi mashine ya zege inakuja. Imeazimwa kwa kesho tu, keshokutwa inakwenda kwa watu wengine, na mawingu mnayaona wenyewe.

Mafanikio mengine ni ngazi. Hapa tunaomba tueleze polepole, kwa sababu tulipewa maelekezo ya namna ya kuiandika sehemu hii.

Mkandarasi alisema tuandike kuwa ngazi imekamilika, moja, ile ya kushoto, kwa sababu nyingine yeye haitambui. Mhandisi alisema tuandike ya kulia, na ile ya kushoto tuiite ngazi ya muda. Tulijiuliza kitu cha zege na nondo kinakuwaje cha muda, lakini tuliandika. Mwenyekiti alisema tusitaje ngazi yoyote, tutaje rangi, kwa sababu wageni hupenda kusikia habari za rangi. Tulimkumbusha kuwa hatujapaka rangi. Akasema tuandike kuwa tunatarajia.

Anayeisoma risala hii ni mmoja wa wabeba kokoto. Alichaguliwa kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, na kwa kuwa wenzake wote, siku ya kuchagua, walikuwa na mafua. Aliandika, akachana, akaandika tena, akachana. Jana jioni wenzake walipoondoka alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kushoto na karatasi mapajani, hajui lipi ni la kweli, maana yote yalikuwa yamesemwa na watu wanaojua. Mkunga akapita, kama anavyopita kila jioni kutazama wodi yake imefika wapi. Akamuuliza mbona amekaa kama mtu aliyefiwa. Akaelezwa. Mkunga alisikiliza akiwa anakung'uta vumbi kwenye kanga yake, kisha akasema:

"Mwanangu, yote hayo ya nini? Simama pale chini, tazama juu, andika unachokiona. Halafu nenda nyumbani ukale."

Baada ya mkunga hakuja mtu mwingine, wala simu haikulia. Kwa hiyo hilo ndilo neno la mwisho juu ya risala hii, nasi kwa desturi yetu tumelifuata. Tunawaomba wakubwa wetu watatu wasione kuwa tumewapuuza. Tumefanya kama tulivyowafanyia wao siku zote.

Basi tukisimama chini na kutazama juu, tunaona hivi. Kushoto kuna ngazi, imepanda vizuri, vidato vyake vimelingana, na juu kabisa inagota kwenye mbao. Kulia kuna ngazi nyingine, nayo imepanda vizuri, imepita mbele ya lile dirisha kubwa, hivi kwamba mtu akipanda, aliye nje huona miguu tu inakwenda zake. Nayo juu kabisa inagota kwenye mbao. Tundu la kutokea kwenye sakafu ya juu halipo. Halipo kushoto wala halipo kulia.

Sisi wenyewe tunapanda juu kwa ngazi ya miti iliyoegemezwa nje.

CHANGAMOTO

Changamoto zetu ni nyingi, lakini nyingi zimezaliwa na moja, kwa hiyo tutaisema hiyo zaidi.

Ndogo tunaitaja ili ujue tunavyoishi. Ukuta wa kona ya kulia, siku ulipovunjwa kwa ajili ya dirisha, ndani kulikuwa na mafundi wawili wanaupiga plasta. Waliambiwa na mhandisi. Waliokuwa nje na nyundo waliambiwa na mkandarasi. Wa ndani walipoona plasta inatikisika na kuanguka walidhani ni tetemeko, wakatoka mbio, wakawakuta wenzao nje wanapumzika.

"Mnafanya nini?" wakauliza.

"Dirisha. Na nyie?"

"Ukuta."

Walikaa chini wakatazamana. Hawakugombana, kwa sababu hakuna aliyekosea. Baadaye walisaidiana kufagia.

Sasa tunakuja kwenye tundu.

Mjomba Misumari ndiye aliyepanga mbao za sakafu ya juu. Tunamwita Misumari kwa sababu akifanya kazi misumari huiweka mdomoni, mdomo mzima, na hutoa mmoja mmoja kama mtu anayekula karanga. Tunamwita Mjomba kwa sababu ni wa kila mtu. Alipofika kwenye ngazi hakujua ni ipi itakayotumika, akaacha matundu mawili ili atakayeamua aamue, na jingine lizibwe.

Asubuhi mhandisi alipanda, akaona, akamwambia la kushoto alifunge, ngazi ni ya kulia. Mjomba aliitikia kwa kichwa, mdomo ukiwa umejaa. Alikuwa anapigilia ubao wa mwisho pale kushoto simu ilipolia kwenye ndoo. Mkandarasi alimtaka yeye. Tukamwinulia ndoo pamoja na simu yake hadi juu, kwa sababu hakutaka kuacha kazi. Mkandarasi alimwambia tundu la kulia lifungwe leo leo, ngazi ni ya kushoto. Mjomba akasema "Mm." Mkandarasi akauliza kama amesikia. Akasema tena "Mm." Misumari ilikuwa bado mdomoni.

Akafunga na la kulia.

Jioni mkunga alipokuja, alisimama chini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akazunguka kidogo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akaita juu:

"Mjomba, wazazi wangu watapitia wapi? Au wataruka?"

Sisi tulicheka. Halafu tukatazama juu na sisi, tukaacha kucheka.

Kesho yake mhandisi alikasirika na mkandarasi alikasirika, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana. Ndoo iliuliza kwa sauti kubwa nani alimwambia afunge yote mawili. Mjomba siku hiyo mdomo ulikuwa mtupu. Alijibu neno moja:

"Nyinyi."

Akaambiwa asimame kando.

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa. Tuliambiwa Mjomba amefanya uzembe. Tukajaribu kutafuta uzembe uko wapi, ili tusiurudie. Aliambiwa afunge la kushoto, akalifunga. Akaambiwa afunge la kulia, akalifunga. Neno la mwisho halikusema lile tundu la kwanza lifunguliwe. Wapo kati yetu wanaosema angeuliza. Ni kweli, angeuliza. Lakini tangu tumefika hapa, ni nani kati yetu amewahi kuuliza? Sisi tuliokuwa chini tumeishika ndoo tulizisikia amri zote mbili kwa masikio yetu, na midomo yetu haikuwa na misumari.

Tangu siku hiyo desturi yetu haituongozi tena. Mhandisi anasema tufungue la kulia. Mkandarasi anasema tufungue la kushoto. Fundi akitumwa kupanda, anashika nyundo, anaweka mguu kwenye ngazi ya miti, anauliza, "Nikishafungua, halafu?" Hakuna wa kumjibu, anashuka. Mbao ziko vile vile.

Mtu atauliza kwa nini tusifungue yote mawili. Tuliuliza hilo, na tunaomba ihesabiwe kuwa tuliwahi kuuliza kitu. Mhandisi alieleza kuwa nondo hazikupangwa kubeba matundu mawili na sakafu itakuwa dhaifu, na hilo hata mkandarasi hakulipinga. Mkunga alisema wodi yenye matundu mawili si wodi, ni chujio.

Na juu ya lipi lifunguliwe, wakubwa wetu wote watatu sasa wanatupa jibu moja. Wanasema tumsubiri mgeni rasmi, kwa sababu ndiye aliyeamua.

Kwa hiyo tumekusubiri. Kesho asubuhi mashine itawashwa. Ikiwa hakuna aliyefungua mbao, zege litamwagwa juu ya sakafu nzima, litakauka, na wodi ya wazazi itakuwa juu bila njia. Zege lililokauka likishika nondo halivunjwi kama ukuta. Litavunjwa kwa kelele na kwa nyufa, mvua ikiingia ndani, au litaachwa hivyo wakati watu wanabishana, na akina mama wataendelea kujifungulia kwenye chumba cha sasa cha mkunga, ambako mmoja akiingia mwingine inabidi atoke nje akangoje kwenye benchi. Tunakijua chumba hicho. Wengi wetu watoto wetu wamezaliwa humo, na wengine kwenye benchi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ombi la kwanza ndilo kubwa.

Pale penye mlango mkubwa tumepaka chokaa mahali uliposimama siku ile. Tunaomba, kabla hujapelekwa popote, ukasimame hapo. Vua miwani ukipenda. Kisha umalizie ulilotaka kusema. Ulisema na kule, kule kuna nini? Kama ulitaka ngazi, useme ngazi. Kama ulitaka dirisha, useme dirisha. Kama ni mchanga, tutauondoa mbele na kuurudisha, tumeshaizoea safari hiyo. Kama ulikuwa unauliza choo kiko wapi, tafadhali useme pia. Hatutacheka, na kipo nyuma ya stoo.

Na kama hukumbuki, au hukuwa na maana yoyote, usione haya kutuambia. Huenda hilo ndilo litatusaidia zaidi. Maana hapo mhandisi na mkandarasi watabaki wenyewe kwa wenyewe, uso kwa uso, kwenye kiwanja kimoja, jambo ambalo sisi hatujawahi kuliona tangu kazi ianze. Tunaomba wasipande magari mpaka wamekubaliana kushoto au kulia, na mkunga awe karibu, kwa sababu yeye ndiye atakayepanda ngazi hiyo kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi hatuna upande. Ngazi zote mbili tumezijenga sisi, na tukiambiwa ni ipi, ile nyingine tutaivunja wenyewe bila manung'uniko.

Tunaomba pia kwamba tangu sasa wakubwa wetu wakutane hapa hapa kazini walau mara moja kwa wiki, nasi tukiwepo. Wasimame, wasikae. Mtu aliyesimama chini ya kitu hukiona, na kikao cha kusimama hakichukui muda. Waseme mbele yetu wiki hii inafanyika nini na nini kisiguswe. Na jambo likibadilishwa, alibadilishe yule yule aliyelisema, atuambie kwa mdomo wake kuwa lile la jana amelifuta. Neno likifutwa na mwenyewe tutajua limefutwa. Likifunikwa na neno la mwingine, linabaki chini yake, na sisi tunabaki na yote mawili mikononi kama Mjomba.

Kazi isiyoweza kurudishwa nyuma, kama kumwaga zege, isianze mpaka wote watatu wamesema ndiyo siku moja, mahali pamoja. Ndoo yetu tunaomba irudishwe kwenye maji. Mapipa nayo tunaomba yarudi kwenye kona, kama hukuwa unayasema.

Na tunaomba kuuliza kusiitwe ubishi. Hatujui kuuliza vizuri, tunakiri. Tulizoea kuona kuwa kumuuliza mkubwa ni kumwonyesha kwamba hakueleza. Siku ile uliposema na kule, yeyote kati yetu angeweza kukimbilia gari lako na kugonga kioo. Tulikuwepo wengi. Tulitazama gari likiondoka, kisha tukaanza kuhamisha vitu. Tukiruhusiwa kuuliza tutajifunza, na tunadhani wakubwa nao wataona nafuu, kwa kuwa hata wao tunawaona wanavyobuni.

Tunaomba radhi kwa urefu. Limebaki ombi moja, na umeshasikia kwetu la mwisho lina uzito gani.

Mjomba Misumari arudi. Hayuko mbali. Tangu aliposimamishwa huja kila asubuhi na kukaa ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha fundi viatu, akitazama mbao zake. Ukigeuka sasa utamwona, ni yule mwenye mkoba wa nyundo magotini. Tulikwenda kwa mhandisi kumwombea, akasema fundi ni wa mkandarasi. Mkandarasi akasema suala hilo liko kwa kamati. Mwenyekiti wa kamati akasema yeye si mtaalamu, tumwulize mhandisi. Kwa hiyo tumekuletea wewe. Mbao za tundu moja anaweza kuzifungua kabla ya jioni, akianza baada ya risala hii.

Asubuhi msomaji wa risala alimpitia kumweleza kuwa tutamtaja. Alimkuta misumari yake yote ameitia kwenye kopo, amelifunika. Akamuuliza kwa nini. Mjomba alisema:

"Nikiitwa leo, mdomoni siweki kitu. Nikifika juu, kabla sijagonga hata mara moja, nataka kuuliza ni ipi."

Mungu akujalie sauti ya kumjibu, Mgeni rasmi, na simu yako itulie mpaka umalize. Awape afya wote wanaotuamuru na awakutanishe mahali pamoja. Na akina mama watakaopanda, awafikishe juu salama na awashushe wakiwa na watoto wao mikononi, kwa ngazi itakayokuwepo.

Ni sisi,
Mafundi na Vibarua wa Jengo la Zahanati,
ambao mtaani sasa tunaitwa Watu wa Ngazi Mbili, na tungependa kesho jioni tuitwe vingine.